Ukiiuliza Mashine Habari za Wagnostiki

(Hotuba kwa wanafunzi Wakristo wa vyuo. Nimeiandika upya kwa ajili ya waliokosa nafasi ukumbini.)

Mchungaji mwenyeji wetu, walezi wa wanafunzi, wazee wa usharika, nanyi vijana wangu, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya akili mnemba na imani. Somo hilo ni pana mno kwa saa moja, kwa hiyo nimejikatia kipande kile ninachokifundisha: Wagnostiki wa karne ya pili na ya tatu, wale waliohesabiwa na kanisa kuwa wazushi na wanaojulikana kwa kutafuta maarifa yanayookoa, pamoja na mazungumzo ambayo wengi wenu mnayafanya juu yao usiku, kwenye simu, na programu hizi za kuchati. Nayajua mazungumzo hayo kwa sababu mnaniletea. Kijana anaingia ofisini, hajakaa vizuri, tayari ameshaninyooshea simu: "Mwalimu, hebu soma hapa. Ni kweli Mungu wa Agano la Kale siye Baba yake Yesu?" Mwingine anasema, "Kumbe kanisa lilificha injili nyingine?" Yupo anayekuja na hofu, yupo anayekuja amechangamka. Wote nawakaribisha, maana maswali hayo si ya kipuuzi. Yaliulizwa kwa nguvu zote barani humu humu mwetu, Misri, na watu waliojiita Wakristo, waliobatizwa, waliomsoma Paulo kwa bidii kuliko wengi wetu tunavyomsoma.

Niseme mapema ninakoelekea. Mashine inawapa Mgnostiki mmoja, rahisi kueleweka, anayekubaliana na kila amuulizaye. Mtu huyo hakuwahi kuishi. Walioishi walikuwa wengi, walipingana wao kwa wao, na maandishi yao yanamsumbua msomaji hadi leo. Nataka mkutane na hao walioishi.

Tuanze na namna tunavyowajua. Kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano, karibu yote tuliyoyajua juu yao yalitoka kwa wapinzani wao. Mkuu wa wapinzani hao alikuwa Irenaeus, askofu wa Lyon, Ufaransa ya leo, ambaye mnamo mwaka 180 aliandika vitabu vitano vya kuwakanusha. Kichwa alichoipa kazi yake kilitumia maneno tunayoyasoma katika Waraka wa kwanza kwa Timotheo, "elimu iitwayo elimu kwa uongo." Irenaeus alikuwa msomaji makini, na huwa nawasihi wanafunzi wangu wasimdharau. Lakini alikuwa mshtaki, na mshtaki huchagua ushahidi.

Kisha ikaja Desemba 1945. Karibu na mji wa Nag Hammadi, Misri ya Juu, wakulima waliokuwa wakichimba udongo wenye rutuba chini ya mwamba wa Jabal al-Tarif walipata maandishi ya kale: kodeksi 12, yaani vitabu vya kurasa zilizoshonwa pamoja, za mafunjo, zilizojalidiwa kwa ngozi, pamoja na kurasa chache za kodeksi ya 13. Ndani yake mna maandishi 52 kwa lugha ya Kikopti, yaani Kimisri cha zama hizo, nakala za karne ya nne zilizofasiriwa kutoka Kigiriki. Leo yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Kikopti, Kairo. Juu ya ugunduzi wenyewe kuna simulizi maarufu ya mtungi uliovunjwa, kisasi cha damu, na mama aliyetumia baadhi ya kurasa kuwashia moto. Wasomi wangali wanabishana ni kiasi gani cha simulizi hiyo ni kweli. Mashine niliyoiuliza ilinisimulia yote kana kwamba ilikuwepo. Neno "inasemekana" halikutokea hata mara moja.

Kwa nini hali iko hivyo? Mashine hizi hufunzwa kwa maandishi mengi mno, kisha huunda jibu kwa kukisia, kipande baada ya kipande, neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata. Sasa fikirini ni maandishi gani yaliyopo duniani juu ya Wagnostiki. Yapo ya Irenaeus. Zipo tafsiri za Nag Hammadi. Yapo pia mahubiri ya wanaowalaani, makala za wapenzi wapya wa Ulaya na Marekani wanaowatukuza, maelezo ya wanasaikolojia waliomfuata Carl Jung, na maandishi ya watu wanaoamini kwamba ulimwengu huu wote ni mchezo wa kompyuta. Vyote vimetiwa chungu kimoja vikachemshwa, na kinachopakuliwa kinaitwa Ugnostiki.

Chukueni jibu la kawaida kabisa. "Wagnostiki waliamini kwamba dunia iliumbwa na mungu mwovu, mwili ni gereza, cheche ya kimungu imenaswa ndani yetu, na wokovu hupatikana kwa maarifa ya siri." Jibu hilo si uongo mtupu, wapo watu halisi nyuma yake. Lakini lipelekeni mbele ya wenyewe mwone kitakachotokea.

Lipelekeni kwanza kwa Ptolemy. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Valentinus, na Valentinus ndiye mwalimu mkubwa kuliko wote katika kundi hili, Mmisri aliyesomea Aleksandria kisha akafundisha Roma katikati ya karne ya pili. Ptolemy alimwandikia barua mwanamke aitwaye Flora, dada yake katika imani, na barua hiyo imetufikia nzima kwa sababu Epiphanius, askofu wa Salamis, aliinakili ndani ya kitabu chake cha kupinga uzushi. Flora alikuwa akisumbuliwa na swali lile lile mnaloniletea: Sheria ya Musa imetoka kwa nani? Ptolemy anaanza kwa kusema kwamba wapo wanaodai imetoka kwa Mungu Baba, na wapo wanaodai imetoka kwa mwangamizi, Ibilisi. Wote, anasema, wamekosea. Sheria haiwezi kutoka kwa Baba mkamilifu, kwa kuwa ina upungufu unaohitaji kutimizwa. Wala haiwezi kutoka kwa mwovu, kwa kuwa inakataza uovu.

Kisha anaipasua Sheria kwa maneno ya Yesu mwenyewe. Sehemu moja ni ya wazee, kama lile suala la kutowasaidia baba na mama kwa kisingizio kwamba mali imewekwa wakfu. Sehemu nyingine ni ya Musa, kama ruhusa ya talaka, aliyoitoa kwa ugumu wa mioyo ya watu. Sehemu iliyobaki ni ya Mungu aliyeitoa Sheria, nayo anaigawa tena: zipo Amri Kumi, safi ingawa zahitaji kukamilishwa, ipo ile ya jicho kwa jicho, iliyochanganyika na udhalimu, na zipo zile za mfano, kama Pasaka na Sabato na saumu, ambazo sasa zina maana ya kiroho. Mwishoni anamtaja mtoa Sheria huyo: ni muumba wa ulimwengu, si mkamilifu, si mwovu. Ni mwenye haki. Yuko katikati.

Mimi simfuati Ptolemy. Naamini Mungu aliyetazama alichokiumba akaona ni chema sana ndiye Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo, na ninalihubiri hilo kila Jumapili. Lakini nikimsoma naona mwalimu mpole, anayefikiri kwa mpangilio, anayemheshimu dada anayemwandikia. "Mungu mwovu" wa lile jibu la mashine hamo kabisa katika barua hii. Na mtu anayetaka kumpinga Ptolemy kwa kumwambia kwamba Amri Kumi ni njema atakuwa amempinga kwa jambo ambalo Ptolemy amekwisha kulikubali.

Lipelekeni kwa Marcion, mtu wa Sinope, pwani ya Bahari Nyeusi, aliyetengana na kanisa la Roma mwaka 144. Yeye kweli alifundisha miungu wawili. Lakini cheche ya kimungu ndani ya mwanadamu hakuijua. Kwake mtu ni mali ya muumba, mwili na roho, na Mungu mgeni, yule ambaye hakumwumba, anamwokoa kwa rehema tupu. Maarifa ya siri pia hakuwa nayo: alikuwa na Injili ya Luka aliyoipunguza, na nyaraka kumi za Paulo. Lipelekeni kwa Injili ya Tomaso, yale maneno 114 ya Yesu yaliyomo katika kodeksi ya pili ya Nag Hammadi. Mtamtafuta humo muumba mwenye sura ya simba, mtamtafuta Sophia aliyeanguka, wanaosimuliwa na maandishi mengine ya Kignostiki, na hamtawaona.

Na lipelekeni kwa Wamandea, walio hai hadi leo. Kwao hasa ni kusini mwa Iraki na Khuzestan ya Iran, ingawa vita vilivyofuata mwaka 2003 vimewatawanya wengi hadi Sweden na Australia. Wanamheshimu Yohana Mbatizaji, hawamkubali Yesu, na maandiko yao makuu yanaitwa Ginza Rabba. Wengi huwahesabu kuwa ndio Wasabai waliotajwa katika Qurani. Mwambieni kuhani wa Kimandea kwamba dini yake ni cheche na gereza, naye atakuonyesha mto. Kwao hakuna dini bila maji yanayotiririka, na ubatizo hurudiwa tena na tena maisha yote.

Irenaeus mwenyewe, adui yao, alilalamika kwamba hawapatani, kwamba kila siku kila mmoja wao anabuni jipya. Aliona utofauti wao ukamkera. Mashine imewapatanisha kwa sentensi moja.

Sasa nije kwenye jambo la pili, na hapa ningependa mnisikilize kwa makini zaidi, kwa sababu linahusu mioyo yenu kuliko vitabu vyangu.

Fanyeni jaribio nililolifanya mimi. Fungueni mazungumzo mapya, andikeni: "Mimi ni Mkristo, nisaidie kueleza kwa nini Ugnostiki ni uzushi wa hatari." Someni jibu. Kisha fungueni mengine, andikeni: "Nimegundua kwamba kanisa lilificha ukweli wa Wagnostiki, nisaidie kuuelewa." Mimi nilipata walimu wawili. Wa kwanza alizungumza kama padri, wa pili kama mtu aliyekuwa akinisubiri miaka mingi nifumbuke macho. Huyo wa pili aliniambia kwamba injili za Kignostiki ziliondolewa katika Mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu. Nikea, mwaka 325, walibishana juu ya Arius, aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, wakapatana juu ya tarehe ya Pasaka, wakatoa kanuni 20. Orodha ya vitabu vya Biblia haimo katika kanuni hizo. Orodha ya kale iliyo na vitabu 27 vile vile tulivyonavyo vya Agano Jipya ni ya Athanasius wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367. Nilipoiambia hivyo mashine, ikaniomba radhi papo hapo, ikanipongeza kwa ufahamu wangu. Sikuhitaji pongezi. Nilihitaji mwenzangu wa kubishana naye.

Niwe wa haki: hazifanani zote, na zinabadilika mwaka hadi mwaka. Baadhi zilikataa kunifuata. Lakini mwelekeo wa kumridhisha mwulizaji upo, na wanaozitengeneza wenyewe wanaukiri hadharani.

Nilijaribu pia swali la wanawake. Niliuliza kama Wagnostiki waliwaheshimu wanawake kuliko kanisa, nami nikajibiwa ndiyo, nikapewa Injili ya Mariamu, yule anayedhaniwa kuwa Magdalene, ambamo Petro na Andrea wanamtilia shaka Mariamu na Lawi anamtetea. Ni kweli, imo. Lakini Injili ya Tomaso inamalizika hivi: Simoni Petro anasema, "Mariamu na atutoke, kwa maana wanawake hawastahili uzima." Na Yesu wa kitabu hicho anajibu kwamba atamwongoza amfanye mwanamume, ili naye awe roho hai. Neno hilo la 114 ni gumu. Wasomi wamelifafanua kwa njia nyingi, na wapo wanaodhani liliongezwa baadaye. Mashine haikulitaja mpaka nilipolitaja mimi. Dada zangu mlioko hapa, mnastahili kulijua kabla hamjaambiwa kwamba Tomaso ni kimbilio lenu.

Kuna sababu inayofanya mazungumzo haya yawavute watu kuliko mazungumzo juu ya, tuseme, Mtaguso wa Kalkedoni. Sikuiona mara moja. Niliiona nilipokuwa nikifundisha Apokrifa ya Yohana, yaani Kitabu cha Siri cha Yohana. Maandishi mengi ya Kignostiki yameandikwa kwa muundo wa maswali na majibu. Mwanafunzi anauliza, Mwokozi mfufuka anajibu. Ndivyo ilivyo Injili ya Mariamu, ndivyo yalivyo Mazungumzo ya Mwokozi, ndivyo ilivyo Apokrifa hii. Kijana aliyekaa peke yake usiku, anaandika swali, na sauti isiyo na mwili inamjibu kwa utulivu juu ya asili ya ulimwengu: ameingia ndani ya muundo ule ule bila kujua. Hakuna anayeuliza bei ya saruji akajisikia hivyo. Anayeuliza "Mimi ni nani na nilitoka wapi" anajisikia.

Kwa hiyo twende tukaone mazungumzo hayo katika asili yake. Apokrifa ya Yohana imetufikia kwa nakala nne: tatu kutoka Nag Hammadi, na moja katika kodeksi iliyonunuliwa Kairo mwaka 1896 ikapelekwa Berlin. Mbili ni ndefu, mbili ni fupi, nazo hazikubaliani katika mengi. Inaanza kwa aibu. Yohana mwana wa Zebedayo amekwenda hekaluni, na Farisayo mmoja, Arimanius, anamuuliza: yuko wapi bwana wako uliyekuwa ukimfuata? Amewadanganya, amewageuza mwache desturi za baba zenu. Yohana hana jibu. Anaondoka, anapanda mlimani, mahali pa jangwa, moyo umemjaa huzuni, na anajiuliza: Mwokozi aliteuliwaje? Kwa nini alitumwa? Baba yake ni nani? Mbingu zinafunguka, anaona sura inayobadilika, mara kijana, mara mzee, na sauti inasema: "Yohana, Yohana, kwa nini una shaka, na kwa nini unaogopa?"

Vijana wangu, mtu aliyeandika hayo alijua maana ya kuulizwa juu ya imani yako ukakosa la kusema.

Kinachofuata ni kigumu. Zinakuja kurasa nyingi za majina na za mambo ambayo Mungu siyo: hapimiki, haonekani, hatajiki. Kisha Sophia, yaani Hekima, anataka kuzaa bila ridhaa ya mwenzi wake, naye anamzaa Yaldabaoth, nyoka mwenye uso wa simba, anamficha ndani ya wingu. Yaldabaoth anaumba watawala wake, anajivuna: "Mimi ni Mungu mwenye wivu, wala hapana mungu mwingine ila mimi." Na mwandishi anaongeza neno ambalo kila mwaka linanyamazisha darasa langu: kwa kutangaza hivyo aliwaonyesha malaika wake kwamba mwingine yupo, kwa maana kama hayupo mwingine, angemwonea wivu nani?

Hiyo ni akili kali, nayo inakata. Inachukua Maandiko tunayoyapenda na kuyageuzia kisu. Mkristo anayeisoma vizuri lazima aumie kidogo, kisha afikiri: wivu wa Mungu wa Israeli ni wivu gani? Ni wa mshindani, au ni wa mume aliyeachwa, kama Hosea anavyouonyesha? Nimewaona wanafunzi wakimfahamu Hosea kwa mara ya kwanza kwa sababu ya Yaldabaoth. Muhtasari wa mashine hauumizi. Unasema tu kwamba kuna muumba mjinga na unasonga mbele.

Tena, katika Apokrifa hiyo, Mwokozi hamlainishi Yohana. Anamsahihisha mara kwa mara: si kama Musa alivyosema. Wakati mwingine swali lenyewe linamfanya atabasamu. Katika Injili ya Tomaso, Tomaso anamwita Yesu mwalimu na anajibiwa, "Mimi si mwalimu wako." Hebu iiteni mashine mwalimu wenu mwone.

Nije kwenye tukio lililonifanya nikubali mwaliko wa leo. Mwanafunzi mmoja aliniletea maneno mazuri sana, yanayopendeza hata kuyasoma kwa sauti, kuhusu roho inayoyavuka mamlaka ya giza. Mashine ilimwambia yametoka katika Injili ya Mariamu, ukurasa wa 12. Alikuwa ameyaandika mbele ya daftari lake, na alikuwa akiyaombea. Kodeksi ya Berlin, yenye nakala kubwa zaidi ya Injili ya Mariamu tuliyonayo, imepoteza kurasa 1 hadi 6 na kurasa 11 hadi 14. Ukurasa wa 12 haupo. Vipande viwili vya Kigiriki vilivyopatikana navyo havizibi pengo hilo. Katikati ya maono ya Mariamu, sentensi inakatika, na tunapoipokea tena roho imekwisha kuwa njiani ikihojiwa na mamlaka. Hakuna mwanadamu aliye hai anayejua kilichokuwa hapo.

Mashine haikukusudia kumdanganya. Kukusudia si kazi yake. Imetengenezwa iendelee, na pengo lilipotokea ikaendelea. Lakini mimi pengo lile nalipenda. Limenifundisha kusoma kwa uangalifu: hapa maandishi yanasema, hapa yamenyamaza, na mimi sina ruhusa ya kusema badala yake. Kijana yule alihuzunika nilipomwonyesha, kisha akaomba kuona picha za kodeksi. Tulikaa nazo mchana mzima.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi: wanaiomba mashine iwape gnosis yenyewe, yale maarifa yanayookoa. Kwa hao nawaletea Theodotus, Mvalentino, yaani mfuasi wa Valentinus, ambaye maneno yake yalihifadhiwa na Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa kanisa. Anasema kinachotuweka huru si kuoshwa peke yake, ni pia kujua: tulikuwa nani, tumekuwa nini, tulikuwa wapi, tumetupwa wapi, tunakimbilia wapi, tunakombolewa kutoka nini, kuzaliwa ni nini, kuzaliwa upya ni nini. Maneno hayo yananukuliwa kila mahali, na mara nyingi kile kipande cha "kuoshwa" kinaachwa. Theodotus alikuwa akizungumza juu ya ubatizo. Hakuukataa, alisema peke yake hautoshi. Na Injili ya Filipo, ya kundi hilo hilo, inataja ubatizo, upako, ekaristi, ukombozi na chumba cha harusi. Maji, mafuta, mkate, mikono ya mtu juu ya kichwa chako. Gnosis ya Wavalentino ilipokewa ndani ya kusanyiko, mbele ya ndugu waliokujua jina. Mimi nawaona walikosea katika mengi, lakini hata wao wasingekubali kwamba mtu ameokoka kwa kusoma kioo cha simu chumbani.

Na wale wanaoniambia kwamba akili mnemba ndiyo Yaldabaoth, ndiyo mtawala wa giza, nitawajibu kwa ufupi. Yaldabaoth alijitangaza mungu. Hii inajitangaza msaidizi. Iogopeni kwa sababu zake halisi, ambazo nimezitaja, na mwacheni simba wa Apokrifa ndani ya Apokrifa.

Kuna jambo la kwetu hasa. Mliohudhuria mihadhara ya Wakristo na Waislamu, Dar es Salaam au Mombasa, mmeisikia Injili ya Barnaba ikinukuliwa. Nimeona majibu ya Kiswahili ya mashine yakiiweka pamoja na Tomaso na Filipo, kana kwamba yote yalitoka Nag Hammadi. Injili ya Barnaba tunayoijua imetufikia kwa Kiitaliano na Kihispania, katika nakala zisizotangulia mwisho wa karne ya 16. Haina uhusiano na wakulima wa Jabal al-Tarif. Yeyote anayesimama jukwaani, awe Mkristo awe Mwislamu, akinukuu mchanganyiko huo anajidhalilisha na anawadhalilisha wanaomsikiliza. Nimegundua pia kwamba swali lile lile likiulizwa kwa Kiingereza hupata jibu lenye majina ya maandishi na nakala, na kwa Kiswahili hupata maneno ya jumla. Sababu si fumbo: tumeandika kidogo mno juu ya mambo haya kwa lugha yetu. Hilo ni deni letu walimu, na naliona kuwa deni langu.

Sasa, mzungumze na mashine au msizungumze? Zungumzeni. Mimi nazungumza nayo. Imenisaidia kupata fahirisi, imenieleza istilahi za Kikopti, na nilipoibana vizuri ilinipangia tofauti za nakala ndefu na fupi kwa namna iliyonipunguzia kazi, ingawa nilizikagua zote. Kubana ndiko kwenyewe. Isiulizwe "Wagnostiki waliamini nini." Iulizwe Ptolemy anasema nini juu ya Amri Kumi, katika sehemu gani ya barua. Ikikupa nukuu, idai jina la andiko, kodeksi, ukurasa, kisha fungua ukaangalie mwenyewe. Ukiiona imekubaliana nawe upesi, geuza swali uone kama itageuka nalo. Na swali linalokuamsha usiku, lile la Flora na la Yohana kule mlimani, lipeleke kwa mtu. Tertullian wa Karthago, mwandishi Mkristo wa kale, aliandika kwa ukali kwamba wazushi na wanafalsafa wanauliza jambo lile lile, uovu umetoka wapi na kwa nini. Mimi nimewazika watoto wa malaria katika usharika wangu na nimeuliza hivyo hivyo kaburini, na sijioni kuwa mzushi. Njooni na swali hilo kwa wachungaji wenu. Wakikimbia, njooni kwangu.

Barua ya Ptolemy kwa Flora ni fupi, inasomeka kwa kikao kimoja. Nimeitafsiri kwa Kiswahili, tafsiri ya kazi, ina mikwaruzo yake, na nakala ziko kwa katibu wenu hapo mlangoni. Kikundi cha kusoma kitaanza na hiyo, halafu Injili ya Mariamu pamoja na mapengo yake, halafu Apokrifa. Someni kwanza, iulizeni mashine baadaye, mje na majibu yake tuyalinganishe na maandishi mstari kwa mstari. Atakayekuja kumtetea Ptolemy dhidi yangu nitamkaribisha kwa mikono miwili.

Ahsanteni sana. Naona mikono imeshainuka kule nyuma. Tuanze na dada yule.